Namna ya kuboresha nembo ya klabu bila kugombana na mashabiki: mwongozo kwa timu za Dodoma na jirani zake

Kila msimu wa ligi unapokaribia, meza yangu ya kazi hapa Dodoma hujaa wenyeviti na makatibu wa timu. Ombi ni lile lile: "Fundi, tutengenezee nembo mpya, ile ya zamani imechoka." Wengi hurudi baada ya mwezi wakiwa na jezi walizozikataa mashabiki, au bango ambalo nembo yake imekuwa ukungu mtupu. Nimeandika haya kwa ajili yao.

Mwongozo huu ni wa klabu ambayo tayari ina nembo na inataka kuisogeza mbele. Kama timu imebadili jina kabisa, kama Ihefu ilivyogeuka Singida Black Stars mwaka 2024, kazi hiyo ni ya kuanza upya na ina kanuni zake.

Wengi hukosea mpangilio. Huanzia kwenye kompyuta na kumalizia kwa wanachama, tena wakati jezi zimeshashonwa. Hapa tutakwenda kinyume chake.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Katiba ya klabu. Tafuta kifungu kinachotaja rangi na nembo. Kikiwepo, hamuwezi kubadili kitu kwa kikao cha watu watano nyuma ya duka.
- Kila kitu chenye nembo za zamani: jezi, muhuri, barua, cheti cha usajili, vikombe, picha za ukutani kwa wazee.
- Karatasi nyeupe, penseli, rula, na kipande cha mkaa. Mkaa una kazi yake, tutafika.
- Kompyuta yenye programu ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari badala ya vijidoti. Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa.
- Vipande vya kitambaa cha jezi, kile kile mtakachovaa.
- Watu watatu wa kusimamia kazi: mzee anayeijua klabu, kijana anayekaa jukwaani, na fundi wa jezi. Wakizidi watano, kila mmoja atataka kitu chake kiingie kwenye nembo.
- Wiki nane kabla ya mechi ya kwanza. Mkiwa na wiki mbili tu, chezeni na nembo ya zamani msimu huu, mwaka kesho mfanye kazi kwa utulivu.

Hatua ya 1: Tandaza nembo zote mezani

Piga picha kila toleo la nembo mlilonalo, zichape kwenye karatasi, kisha zipange kwa umri. Msishangae mkikuta matoleo manne ya nembo "moja". Kila fundi wa jezi alinakili kwa macho yake: huyu aliongeza nyota, yule alinyoosha mkia wa mnyama, mwingine alikosea mwaka wa kuanzishwa.

Mwaka huo hakikisheni kwa maandishi. Timu moja ya kata iliniletea nembo yenye mwaka ambao mzee wao mmoja aliukataa papo hapo: "Mwanangu, mwaka huo mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi, timu ilikuwa haijazaliwa." Cheti cha usajili kilimpa haki mzee. Tulikuwa tumeshachapa jezi 22.

Mmefaulu hapa mkiweza kuonyesha kwa kidole kitu kilichobaki vile vile katika matoleo yote. Kama hakipo, hatua ya pili itakitafuta.

Hatua ya 2: Tafuta kile kisichoguswa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua kama mashabiki watawafuata.

Chukueni karatasi kumi na penseli kumi. Waendeeni mashabiki kumi wa rika tofauti: sokoni Majengo, kijiwe cha bodaboda Nkuhungu, kwa mama anayeuza chai karibu na uwanja. Kila mmoja achore nembo ya timu kwa kumbukumbu, simu ikiwa mfukoni. Msimsaidie. Akisema hajui kuchora, mwambieni achore vibaya.

Halafu linganisheni. Vitu vinavyojirudia katika karatasi saba au nane ndivyo roho ya nembo yenu. Mara nyingi huwa ni viwili tu: umbo la nje, labda ngao au duara, na kitu kimoja cha katikati. Kile ambacho hakuna aliyekikumbuka, hata kama mwenyekiti anakipenda, kinaweza kuondoka bila kilio.

Kwa nini niwasumbue na karatasi? Kwa sababu klabu kubwa zimeanguka hapa hapa. Everton walitoa nembo mpya mwaka 2013, wakaondoa mashada ya pembeni na kaulimbiu yao ya Kilatini. Mashabiki wakakusanya saini za kupinga, klabu ikaomba radhi, na nembo ya msimu uliofuata ikachaguliwa kwa kura za mashabiki. Cardiff City waligusa kitu kizito zaidi, rangi. Waliwatoa wachezaji kwenye bluu na kuwavisha nyekundu mwaka 2012, na Januari 2015 wakarudi kwenye bluu. Atlético Madrid nao walibadili nembo mwaka 2017. Wanachama wakapiga kura mwaka 2023, na mwaka 2024 nembo ya zamani ikarudi kifuani.

Hao wana pesa za kurudia kuchapa. Ninyi mna harambee.

Andikeni sentensi moja na wote watatu msaini: "Hatutagusa ..." Mfano: "Hatutagusa duara wala tembo." Hiyo karatasi itawaokoa wiki ya sita, pale mtu mwenye pesa atakapokuja na wazo lake.

Hatua ya 3: Punguza, usiongeze

Kuna ugonjwa wa huku kwetu. Timu ya Dodoma ikipewa nafasi ya kuchora, inataka zabibu, mbuyu, tembo, jengo la Bunge, mlima, mpira na ngoma ya Wagogo, vyote ndani ya sentimita saba. Kila kimoja kina sababu. Zabibu ni zao letu, kuanzia Hombolo hadi Chinangali. Tembo yumo katika masimulizi ya jina lenyewe la Dodoma, yule aliyezama matopeni. Mbuyu uko kila upande ukitazama. Lakini nembo si ripoti ya mkoa.

Chagueni kimoja. Kama karatasi za hatua ya pili zilionyesha tembo, basi ni tembo, zabibu zikae kwenye skafu.

Nikiulizwa maoni yangu, mpira uondoke kabisa. Kila mtu anajua ninyi ni timu ya mpira. Mmevaa bukta na mko uwanjani. Mpira mdogo wenye vipande vyeusi ndicho kitu cha kwanza kuziba wakati wa kudarizi.

Maneno pia yapungue. Jina la klabu linatosha, na mwaka kama una nafasi. Kaulimbiu ndefu ya aina ya "Umoja, Nidhamu na Maendeleo" iandikwe ndani ya kola au kwenye bango. Timu moja iliandika "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nyuma ya kola, na watu wakanunua jezi kwa sababu ya neno hilo tu. Lingekuwa ndani ya nembo, nani angeliona?

Sasa ule mkaa. Mwiteni mtoto wa darasa la nne au la tano, mwonyesheni mchoro mpya kwa dakika moja, ufunikeni, kisha achore ukutani au kwenye sakafu ya simenti kwa mkaa. Akichora kitu ambacho mpita njia anakitambua, mmefaulu. Akikwama, rudini mkapunguze tena.

Hatua ya 4: Rangi mbili, zikizidi tatu

Nchini mwetu rangi huongea kabla ya nembo. Nyekundu na nyeupe mtu anasoma Simba, kijani na njano anasoma Yanga, na hapa Dodoma kijani na njano zina msomaji wa pili ambaye si wa mpira. Kama hizo ndizo rangi zenu za tangu kuanzishwa, zilindeni. Kama mnachagua rangi ya kuongeza, jueni mnaingia kwenye mazungumzo gani.

Fikirieni pia vumbi. Viwanja vyetu vingi vya kata havina nyasi, na udongo wake ni mwekundu. Jezi nyeupe inaanza msimu nyeupe na kuumaliza na rangi ya chai ya maziwa. Nembo yenye nyeupe nyingi kifuani huchakaa kwa macho mapema, wakati nyeupe ya mstari mwembamba inavumilika.

Kila rangi iandikieni namba zake: ya kwenye kioo, RGB, na ya uchapaji, CMYK. Kwa nyuzi za kudarizi, andikeni namba iliyoko kwenye kibiringo cha uzi pamoja na jina la kampuni yake. Usimwambie fundi "nyekundu ya damu ya mzee", kila fundi ana mzee wake.

Namba peke yake hazitoshi, kwa sababu mashine mbili zenye namba moja hutoa rangi mbili. Chapeni miraba midogo ya rangi zenu kwenye kitambaa chenyewe, chagueni ule mlioukubali, ukateni na kuushikiza kwenye faili la klabu. Fundi yeyote atakayekuja mumpe kipande hicho, afananishe juani na si chini ya taa ya dukani.

Hatua ya 5: Ichore kwa vekta

Vekta ni mchoro unaohifadhiwa kama mistari na hesabu zake, siyo kama vijidoti. Ndiyo maana unaweza kuukuza kutoka kifuani hadi ukuta wa jukwaa bila kuharibika. Picha ya JPG iliyopita WhatsApp mara sita imeshabanwa, na ukiikuza inakuwa ukungu. Hilo ndilo jibu la swali ninaloulizwa kila wiki.

Ichoreni upya mstari kwa mstari juu ya mchoro wa penseli. Kile kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta kwa mkupuo mmoja kinatoa kingo zilizotafunwa na vipande mamia visivyo na maana. Fundi wa kudarizi atawachukia, na ana haki.

Mambo manne ya kushika wakati wa kuchora:

Mistari isiwe chini ya milimita 1 pale nembo inapokuwa na ukubwa wa kifuani, yaani upana wa sentimita 7 au 8. Nyembamba zaidi ya hapo uzi hauishiki.

Herufi zisipungue milimita 5 kwa kimo katika ukubwa huo huo. Chini ya hapo "a" na "e" hujaa uzi na kuwa vidonge.

Msitumie rangi inayofifia taratibu kutoka nyeusi kwenda njano, wala vivuli vya kung'aa. Kwenye kioo vinapendeza, kwenye muhuri na kwenye uzi havipo.

Herufi zikikamilika, zigeuzeni kuwa maumbo. Vinginevyo kompyuta ya fundi isiyo na mwandiko huo itaweka mwandiko wake, na jina la timu litatoka kama tangazo la msiba.

Hatua ya 6: Itese kabla hamjaipenda

Chapeni nembo na kuipitisha kwenye majaribio haya. Yote yafanyike siku moja, kabla ya mtu yeyote kuiweka kwenye simu yake.

*Fotokopi.* Pelekeni stesheneri, toeni nakala nyeusi na nyeupe, kisha nakala ya nakala. Barua na fomu nyingi za timu huishia hivyo. Nyekundu iliyokolea na kijani iliyokolea hugeuka kijivu kimoja, na tembo wa kijani juu ya nyekundu anatoweka. Hapo ongezeni mstari mweupe katikati, au badilisheni uzito wa rangi moja.

*Duara la simu.* Iwekeni kama picha ya utambulisho ya WhatsApp. Ngao ndefu hukatwa pembe. Ikikatwa, tengenezeni toleo dogo lenye kile kitu cha katikati pekee, bila maandishi.

*Mbali.* Bandikeni jezi kwenye nguzo ya goli, simameni katikati ya uwanja. Msitafute kusoma jina. Tafuteni kama umbo linajulikana.

*Nguo.* Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sablimesheni, ule uchapaji wa joto unaoingiza rangi ndani ya uzi, hufanya kazi kwenye polista. Kwenye pamba rangi haishiki, huondoka kwa kufua. Tena haina wino mweupe. Nyeupe yake ni weupe wa kitambaa chenyewe. Mkinunua jezi nyekundu dukani na kutaka nembo yenye nyeupe kwa njia hiyo, haitawezekana. Ama jezi yote ichapwe kutoka kitambaa cheupe pamoja na nembo, ama nembo idariziwe kwenye kiraka na kushonewa, ama itumike karatasi ya kubandika kwa pasi ya joto. Kubandika ni rahisi, ila mwambieni kila mchezaji afue jezi ikiwa imegeuzwa ndani nje na asiipige pasi juu ya nembo.

Darizini moja ya majaribio. Moja tu. Ifueni mara tano kwa sabuni ya kawaida na kuianika juani kama mtakavyoanika nyingine. Kiraka kisipojikunja wala rangi ya uzi isipochuja, endeleeni.

Hatua ya 7: Wapelekee wanachama kitu cha kushika

Msiitishe mkutano na kuuliza, "Mnataka nembo mpya?" Swali hilo huzaa mapendekezo arobaini. Leeds United mwaka 2018 walisema wamewashauri watu 10,000. Nembo ilipotoka hadharani ikapingwa kwa kishindo na kuwekwa kando. Kuulizwa maoni na kuona mchoro ni vitu viwili, na mwanachama hapendi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nendeni na jezi tatu zimetundikwa: ya nembo ya zamani, na mbili za mapendekezo. Zisizidi hapo. Mzee wa kamati ndiye aongee kwanza, na aanze na kile ambacho hakijaguswa: "Shikamooni wazee wenzangu. Tembo wetu huyu hapa. Duara letu hili hapa. Tulichoondoa ni hiki na hiki, na sababu ni hii." Nimeona ukumbi uliokuja na ghadhabu ukatulia kwa sentensi hizo. Nimeona pia kijana mwenye kompyuta akianza kueleza "muonekano wa kisasa", wazee wakavaa kofia zao na kutoka.

Katibu aandike muhtasari: idadi ya waliohudhuria, kura, na toleo lililoshinda, likiwa limechapwa na kuambatishwa. Kama katiba inataja nembo, marekebisho yafuate utaratibu wake na yafike kwa msajili wa vyama vya michezo. Mwulizeni afisa michezo wa wilaya karatasi zinazotakiwa, na chama cha mpira cha ngazi yenu mkipe taarifa kwa barua kabla ya usajili wa msimu.

Hatua ya 8: Funga mlango wa haki

Mchoraji, hata akiwa shabiki aliyefanya kazi bure, asaini karatasi ya kuikabidhi klabu haki za mchoro, mbele ya shahidi. Ikiwezekana, mlipeni hata kidogo na iandikwe. Urafiki huisha siku jezi zinapoanza kuuzwa.

Nembo ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana, msiiingize. Matumizi yake yanasimamiwa na sheria. Nembo ya halmashauri nayo iombewe ruhusa ya maandishi. Na msichukue simba wa mtandaoni. Mwenye simba huyo yupo, hata kama anaishi mbali.

Kama mnauza jezi na skafu, sajilini nembo kama alama ya biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Daraja la 25 ni la nguo, la 41 ni la michezo na burudani. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake.

Hatua ya 9: Mafaili, na siku ya kubadilisha

Tengenezeni folda moja yenye vitu hivi: faili la asili la vekta, SVG na PDF kwa wachapaji, PNG kubwa isiyo na mandhari ya nyuma kwa mitandao, toleo la rangi moja kwa muhuri, na toleo dogo la simu. Ongezeni ukurasa mmoja wenye namba za rangi na onyo la yasiyoruhusiwa: kuvuta nembo kwa upana, kubadili rangi, kuizungushia kivuli. Folda ikae sehemu mbili, kwa katibu na kwenye barua pepe ya klabu. Kwenye simu ya mwenyekiti haitoshi. Wenyeviti hubadilika, na simu huanguka sokoni Sabasaba siku ya gulio.

Wachapaji watumieni faili kama hati ili WhatsApp isilibane. Kabla ya jezi zote, fundi atoe moja. Katibu aishike mkononi, aifananishe na kile kipande cha kitambaa, asaini juu ya karatasi ya oda. Bila saini, kazi isianze.

Badilisheni vyote siku moja: jezi, ukurasa wa mitandao, kichwa cha barua, bango la uwanja. Timu yenye nembo mbili kwa wakati mmoja huonekana kama timu mbili, na mwezi wa pili kuna mtu atatengeneza ya tatu. Jezi za zamani msizichome wala kuzifungia stoo. Wauzieni mashabiki siku ya mechi ya kwanza, nyingi zitakwisha kabla ya mapumziko.

Muhuri wa zamani ndio wa kuharibu. Ukateni vipande viwili mbele ya mweka hazina, iandikwe kwenye muhtasari, na huo mpya ukabidhiwe kwa saini.